Cannon: Mtoto wa reli aliyeeleza kwa nini hofu hupoza mikono

Mfanyabiashara anayesubiri mzigo wake ukaguliwe mpakani anazijua dalili hizi bila kufundishwa na daktari. Viganja vinapoa ilhali jua linawaka. Jasho linamtoka, nalo ni la baridi. Mdomo unakauka, moyo unakwenda mbio, na chapati aliyokula asubuhi inakaa tumboni kama jiwe. Karatasi zikishagongwa muhuri na lori likavuka, mikono inapata joto tena na njaa inarudi.

Mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 kueleza kwa nini mwili hufanya hivyo alikuwa daktari na mtafiti wa Marekani, Walter Bradford Cannon. Sehemu kubwa ya yale yanayosemwa leo hospitalini kuhusu msongo wa mawazo na afya imejengwa juu ya kazi yake. Alikulia katika familia ya reli, na alipotafuta mfano wa kuielezea damu ya binadamu, alichagua malori, mashua, treni na wachuuzi.

Karani wa reli

Cannon alizaliwa Oktoba 19, 1871 katika mji mdogo wa Prairie du Chien, jimbo la Wisconsin, kandokando ya mto Mississippi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama yake alifariki dunia kwa nimonia mwaka 1881, na mtoto huyo akalelewa na baba mkali aliyependa vitabu lakini asiyevumilia uzembe.

Alipofika miaka 14 baba yake alimwondoa shuleni kwa kuona hajitumi katika masomo, akampeleka kufanya kazi katika ofisi ya reli. Alikaa huko miaka 2 hivi. Aliporudi darasani, mjini St. Paul, Minnesota, alisoma kama mtu anayelipa deni. Mwaka 1892 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard kwa msaada wa ufadhili, akahitimu mwaka 1896 miongoni mwa wanafunzi bora, kisha akajiunga na shule ya udaktari ya chuo hicho hicho.

Bahati yake ilikuwa wakati. Mwishoni mwa mwaka 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alikuwa amegundua mionzi ya eksirei. Madaktari wengi waliifikiria kwa ajili ya mifupa iliyovunjika. Profesa wa Cannon, Henry Bowditch, alifikiria jambo jingine: je, mionzi hiyo haiwezi kuonyesha chakula kinavyosafiri tumboni kwa kiumbe aliye hai?

Paka aliyeudhika

Kazi hiyo alipewa Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Alianza na mbwa na bata bukini, kisha akahamia kwa paka. Aliwalisha chakula kilichochanganywa na unga wa madini ya bismathi, ambao huzuia mionzi, na kwa hiyo chakula kilionekana kama kivuli cheusi kinachotembea. Alikaa gizani saa nyingi akiangalia mawimbi ya tumbo yakisukuma chakula taratibu.

Siku nyingine mawimbi hayo yalisimama ghafla. Mwanzoni ilionekana kama hitilafu ya jaribio. Lakini Cannon aligundua kuwa yalisimama kila paka alipoudhika, alipohangaika au alipotaka kujinasua. Alipopapaswa hadi akatulia na kuanza kukoroma kwa raha, tumbo lilianza kazi upya.

Wapo wengi ambao wangelipuuza jambo hilo na kutafuta paka mpole zaidi. Cannon aliliandika. Alitambua kuwa hali ya moyo, yaani wasiwasi au hasira, imeacha alama inayoonekana kwa macho ndani ya tumbo la mnyama. Matokeo ya mwanzo aliyachapisha mwaka 1898, miaka 2 kabla hajamaliza udaktari. Mwaka 1901 alimwoa Cornelia James, na mwaka 1906 alichukua nafasi ya Bowditch kama mkuu wa idara ya fiziolojia ya Harvard, kiti alichokikalia hadi mwaka 1942.

Mbwa anayebweka na wachezaji wa akiba

Swali lililofuata lilikuwa: ni nini kinachobeba habari ya hofu kutoka kichwani hadi tumboni? Mwaka 1911 Cannon na mwenzake Daniel de la Paz walichukua damu ya paka waliotulia, kisha damu ya paka hao hao baada ya kubwekewa na mbwa. Damu ya pili ilikuwa na adrenalini, kemikali inayomwagwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ile ya kwanza haikuonyesha dalili yake.

Baada ya hapo aligeukia watu. Kati ya wanafunzi 9 wa udaktari, 4 walikutwa na sukari kwenye mkojo baada ya mtihani mgumu, na 1 tu baada ya mtihani mwepesi. Mwaka 1913 walipimwa wachezaji 25 wa timu ya Harvard ya soka la Kimarekani mara baada ya mechi ya mwisho ya msimu, iliyokuwa kali kuliko zote. Wachezaji 12 walikutwa na sukari kwenye mkojo. Watano kati yao walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingizwa uwanjani kabisa. Walikuwa wamekaa benchi wakitazama, lakini miili yao ilikuwa imejiandaa kucheza.

Mwaka 1915 aliyakusanya hayo yote katika kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alieleza kuwa hatari ikitokea, mwili hujiandaa kwa mambo mawili, kupigana au kukimbia. Ini humwaga sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Moyo huongeza kasi. Damu huondolewa tumboni na kwenye ngozi na kupelekwa kwenye misuli, moyo na ubongo. Hata kuganda kwa damu huwa haraka zaidi, endapo jeraha litatokea.

Hofu na baridi, mtambo mmoja

Hapo ndipo swali la joto la mwili linapoingia. Mfaransa Claude Bernard, aliyeishi kati ya mwaka 1813 na 1878, alikuwa ameshaonyesha kwa sungura kuwa ukikata mshipa fulani wa fahamu shingoni, sikio la upande huo hupata joto kwa sababu mishipa yake ya damu hupanuka. Maana yake ni kwamba mishipa ya fahamu ndiyo inayofungua na kubana njia za damu kwenye ngozi, na kwa kufanya hivyo huamua ni kiasi gani cha joto kipotee nje.

Katika miaka ya 1920 Cannon na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliwafanyia paka upasuaji na kuondoa mnyororo mzima wa mishipa ya fahamu unaoamsha mwili wakati wa hatari. Ndani ya maabara yenye joto, paka hao waliishi bila shida. Walipowekwa kwenye baridi, udhaifu wao ulionekana. Manyoya hayakusimama, mishipa ya damu ya ngozi haikubana, na joto la mwili lilishuka haraka kuliko la paka wa kawaida. Mwaka 1927 walichapisha matokeo mengine: mnyama akipozwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini zaidi, na mwili huchoma chakula kwa kasi ili kuzalisha joto hata kabla ya kutetemeka.

Kwa maneno mengine, hofu na baridi hutumia mtambo mmoja. Mwili wa mtu aliyeitwa ofisini kuulizwa kuhusu mzigo hufanya yale yale ambayo ungefanya usiku wa baridi kali. Hufunga njia za damu kwenye ngozi, ndiyo maana mikono na miguu hupoa na nywele za mwili husimama. Wakati huo huo huongeza moto wa ndani. Nje mtu ni baridi, ndani joto lake linaweza kupanda kidogo. Jasho linalotoka wakati huo huwa la baridi kwa sababu linatua juu ya ngozi ambayo damu imeikimbia.

Akitulia, mambo hugeuka. Mishipa ya ngozi hufunguka, damu hurudi kwenye vidole, tumbo huanza kazi na moyo hupunguza mwendo. Joto la mikono ni moja ya dalili rahisi za kuonyesha mwili umeamini kuwa hatari imepita.

Majeruhi waliokuwa baridi

Mwaka 1917 Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, Cannon alikuwa na miaka 45 na watoto 5. Alikwenda Ufaransa na kikosi cha hospitali cha Harvard, ingawa angeweza kubaki maabara. Huko alikuta askari waliokufa saa chache baada ya kujeruhiwa, wengine kwa majeraha ambayo hayakuonekana kuwa ya kuua. Waliletwa wakiwa wamepauka, wakitokwa jasho, mapigo ya moyo yakiwa dhaifu na ya haraka, na miili ikiwa baridi.

Cannon na wenzake walisisitiza mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida: kuondoa nguo zilizolowa, mablanketi makavu, vinywaji vya moto kwa aliyeweza kunywa, na hewa ya moto kutoka kwenye jiko dogo chini ya machela. Alisisitiza pia umuhimu wa kuzuia damu kutoka. Si kila alichofikiri kilikuwa sahihi. Aliamini kwa muda kuwa asidi iliyozidi kwenye damu ndiyo chanzo cha hali ile, na baadaye ikaonekana sivyo. Lakini kanuni ya kumkinga majeruhi na baridi imebaki hadi leo, na dereva yeyote wa masafa marefu anayekuta ajali barabarani anaweza kuitumia: zuia damu isiendelee kutoka, kisha mfunike mtu asipoe.

Mwili kama soko

Mwaka 1926 Cannon alitunga neno homeostasisi. Kwa Kiswahili chepesi ni uwezo wa mwili kujirudisha kwenye usawa wake. Joto la ndani hukaa karibu na nyuzi 37 iwe mtu yuko Mombasa au katika milima ya Kabale. Sukari, chumvi na maji kwenye damu navyo huwekwa ndani ya mipaka myembamba. Kitu kikizidi, mwili hukipunguza; kikipungua, hukiongeza.

Kitabu chake kuhusu hekima ya mwili kilitoka mwaka 1932, wakati Marekani na dunia vikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Mwishoni mwa kitabu hicho Cannon aliuacha mwili akazungumzia jamii. Alisema katika nchi, kinachofanana na damu ni mfumo mzima wa usambazaji: mito, barabara na reli, pamoja na mashua, malori na treni zake, na wauzaji wa jumla na rejareja wanaoweka bidhaa karibu na mtumiaji. Mwili hauwezi kuwa na afya ikiwa kiungo kimoja kimejaa damu na kingine kimekauka. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa reli ulikuwa mfano wa nyumbani. Msomaji anayenunua vitunguu upande mmoja wa Namanga na kuviuza upande wa pili hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwenyewe aliishi bila kujifungia ndani ya mipaka ya nchi yake. Mshirika wake mkubwa katika utafiti wa miaka ya 1930 alikuwa Arturo Rosenblueth kutoka Mexico. Mwaka 1935 alifundisha Peking, China, na mwaka huo huo alihutubia mkutano wa kimataifa wa wanafiziolojia mjini Leningrad. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania aliongoza chombo cha kupeleka misaada ya tiba kwa upande wa Jamhuri, jambo lililomletea lawama nyumbani.

Hatari isiyokwisha

Mtambo ambao Cannon aliueleza umetengenezwa kwa hatari fupi. Chui anatokea, mtu anakimbia, jambo linaisha. Ugumu huanza pale hatari inapokuwa haina mwisho: mkopo wa kikundi unaodaiwa kila wiki, bei ya fedha inayobadilika kila siku, mzigo wa nyanya unaooza kwenye foleni. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alionyesha kwa panya kuwa shinikizo la muda mrefu huacha uharibifu mwilini, vikiwemo vidonda vya tumbo. Tangu hapo utafiti mwingi umehusisha msongo wa muda mrefu na shinikizo la damu, sukari kupanda, usingizi mbovu na kinga dhaifu ya mwili.

Joto nalo huvurugika. Madaktari wanaitambua hali ambayo mtu mwenye msongo hupata joto la kati ya nyuzi 37 na 38 kwa wiki au hata miezi bila maambukizi yoyote. Homa ya namna hiyo mara nyingi haishuki kwa dawa za kawaida za kutuliza homa, kwa kuwa haitokani na uvimbe wala vijidudu. Lakini katika ukanda huu wa malaria, hilo lisiwe sababu ya mtu kujitibu kwa kudhani. Homa yoyote ipimwe kwanza, malaria ikiwa ya mwanzo. Msongo hufikiriwa pale vipimo vinapokuwa safi, na anayeamua ni mhudumu wa afya.

Mwaka 1942 Cannon alichapisha makala iliyogusa Afrika moja kwa moja. Alitaka kujua kama mtu anaweza kufa kwa kuamini kuwa amerogwa au amevunja mwiko. Miongoni mwa visa alivyovikusanya kimo kimoja cha Kongo, kilichoandikwa na mmisionari Merolla katika karne ya 17. Kijana alilala kwa rafiki yake, akala kuku wa porini bila kujua, ilhali mganga alikuwa amempiga marufuku kumla. Miaka kadhaa baadaye rafiki huyo alimcheka na kumwambia alichokula siku ile. Kijana alianza kutetemeka, na kabla ya saa 24 kupita alikuwa amekufa.

Cannon hakuwadharau watu waliosimulia visa hivyo, wala hakusema uchawi una nguvu yake. Aliviweka kando ya askari wake wa Ufaransa. Alipendekeza kuwa hofu kali isiyo na njia ya kutokea, kwa mtu aliyeacha kula na kunywa na ambaye jamii imeshamhesabu kuwa maiti, inaweza kuangusha shinikizo la damu kama ilivyokuwa kwa majeruhi. Waliomfuata hawakukubaliana wote na maelezo yake ya jinsi kifo kinavyokuja, lakini swali lake limeendelea kufanyiwa kazi.

Gharama ya mionzi

Alipoandika makala hiyo alikuwa mgonjwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1930 alikuwa na saratani iliyoanzia kwenye ngozi. Chanzo chake kinaaminika kuwa ile mionzi ya eksirei aliyokaa nayo saa nyingi akiwa kijana, wakati madhara yake yalikuwa bado hayajaeleweka vizuri. Hakuacha kazi. Alikamilisha kitabu cha maisha yake ya utafiti, kilichotoka mwaka 1945, ambamo aliandika wazi hata makosa yake ya kisayansi. Alifariki dunia Oktoba 1 mwaka huo huo huko Franklin, New Hampshire, akiwa amebakiza siku 18 kutimiza miaka 74. Hakuwahi kupata Tuzo ya Nobel ingawa jina lake lilipendekezwa.

Upande wa pili wa kazi yake, yaani utulivu, ulichukuliwa na daktari mwingine wa Harvard, Herbert Benson. Kitabu chake cha mwaka 1975 kilieleza kuwa mwili una njia ya kuuzima mtambo wa Cannon kwa makusudi. Mwaka 1982 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya watawa 3 wa Kitibeti waliokuwa wakiishi India, ambao kwa kukaa katika tafakuri maalumu waliweza kupandisha joto la vidole vya mikono na miguu hadi kwa nyuzi 8.3. Hao walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka mingi.

Njia aliyopendekeza Benson kwa mtu wa kawaida ni nyepesi zaidi. Kaa mahali tulivu dakika 10 hadi 20, mara moja au mbili kwa siku. Legeza misuli kuanzia miguuni. Pumua taratibu, na kila unapotoa pumzi rudia neno moja moyoni. Mawazo ya mzigo yakija, yaache yapite, urudi kwenye neno. Neno hilo linaweza kuwa la dua, na anayevuta tasbihi au kusali rozari tayari anaufahamu mwendo wake.

Mazoezi hayo hayafupishi foleni ya Busia wala ya Kasumbalesa, wala si mbadala wa dawa za presha kwa aliyeandikiwa. Kupunguza saa za kusubiri ni kazi ya serikali, na vituo vya pamoja vya forodha kama vya Namanga na Rusumo, ambako msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili, vilijengwa kwa lengo hilo. Wakati mzigo bado uko kwenye foleni, mfanyabiashara anaweza kukaa kivulini, kunywa maji, kula kidogo pale tumbo linapokubali, na kuvigusa viganja vyake. Vikianza kupata joto, mwili umeanza kutulia.